Evangelista Torricelli: Mtu Aliyetufundisha Kwamba Hewa Ina Uzito



Mpendwa msomaji, kiangazi kilichopita pampu ya seminari yetu ilituaibisha. Ni pampu ya kawaida tu, imekaa juu ya zege, na kazi yake ni kutoa maji ya mvua kwenye tangi la chini ya ardhi na kuyapandisha jikoni na mabwenini. Siku hiyo ilinguruma bila kutoa kitu. Tulifunua mfuniko wa tangi tukaona maji bado yanafika magotini. Tukakagua bomba lote kutafuta mahali panapovuja, hatukuona hata tone. Mafrateri wa zamu tukabeba ndoo siku mbili.

Siku ya tatu akaja mzee mmoja, fundi bomba wa siku nyingi. Alikoroga sabuni kwenye kopo, akapaka povu kwenye kila kiungio cha bomba linaloingia kwenye pampu, kisha akawasha. Kwenye kiungio cha tatu povu lilizama ndani kana kwamba limemezwa. Akatueleza kwamba bomba la upande wa kunyonya likipata ufa halidondoshi maji, bali linavuta hewa. Sisi tulikuwa tunatafuta maji yanayotoka, kumbe shida ilikuwa hewa inayoingia. Alipomaliza kufunga kiungio upya akatuonyesha na kosa la pili. Maji yaliyobaki juu ya mdomo wa bomba yalikuwa machache, na pampu ilipoyavuta kwa nguvu yalizunguka yakafanya shimo katikati kama faneli. Kwa shimo hilo hewa ilishuka moja kwa moja bombani.

Nilibaki na swali moja. Kwa nini hewa ina haraka hivyo ya kuingia? Nani anayeisukuma? Katika kutafuta jibu nilikutana na mtu ambaye jina lake nilikuwa nimelisikia sekondari na kulisahau: Evangelista Torricelli. Nimeona vema tumfahamu, maana maisha yake yalipita mikononi mwa watawa tangu utoto, na alichokigundua kinatuhusu kila tunapofungua koki.

Mtoto wa mikono ya watawa

Torricelli alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1608 nchini Italia, katika familia ya watu wa hali ya chini yenye asili ya mji wa Faenza. Baba yake alikuwa fundi wa nguo. Wazazi waliona kwamba mtoto ana akili, lakini uwezo wa kumsomesha haukuwapo. Wakamkabidhi kwa jamaa yake wa karibu, Jacopo, mtawa wa shirika la Wakamaldoli, ambaye alisimamia elimu yake ya kwanza. Baadaye kijana alisoma hisabati na falsafa kwa Wayesuiti wa Faenza.

Alipokaribia umri wa miaka 18 alikwenda Roma. Huko alipokelewa na Benedetto Castelli, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Benedikto, shirika lile lile ambalo sisi huku tunalifahamu kwa abasia za Peramiho na Ndanda. Castelli alikuwa mwanafunzi wa Galileo Galilei na bingwa wa elimu ya maji. Torricelli hakuwa na ada ya kutosha, hivyo akawa katibu wake. Alimwandikia barua na kupanga karatasi zake, naye Castelli akamlipa kwa elimu.

Mwaka 1628 Castelli alitoa kitabu juu ya kupima maji yatiririkayo. Moja ya mafundisho yake makuu ni rahisi kuelewa. Mto unapopita mahali pembamba maji hukimbia, unapopita mahali papana hupungua kasi, kwa sababu kiasi kile kile cha maji lazima kipite kila mahali kwa muda ule ule. Tulishike jambo hili, maana tutalirudia kwenye bomba letu.

Miaka ya kunyamaza

Mwaka 1632 Torricelli, akijibu barua kwa niaba ya mwalimu wake aliyekuwa safarini, alimwandikia Galileo kwa mara ya kwanza, akajitambulisha kuwa amesoma kitabu chake kipya kwa makini na kukifurahia. Mwaka uliofuata Galileo alihukumiwa Roma kwa sababu ya kitabu hicho hicho.

Kwa kijana wa miaka 24 lilikuwa tukio la kutisha. Torricelli hakupiga kelele wala hakuiacha imani yake. Aliendelea na kazi ya ukatibu huku akisoma na kuandika kimyakimya, hasa mambo ya hisabati. Kwa miaka mingi hakuchapa kitabu chochote. Sisi tunaoishi seminarini tunajua uzito wa miaka ya namna hiyo, ambayo mtu anafanya kazi ndogo za kila siku na hakuna anayeona matunda.

Mwaka 1641 Castelli alimpelekea Galileo maandishi ya mwanafunzi wake juu ya mwendo wa vitu vinavyoanguka. Galileo alikuwa mzee, kipofu, amefungiwa nyumbani kwake Arcetri karibu na Firenze. Alivutiwa, akaomba kijana aje amsaidie. Torricelli alifika mwezi Oktoba. Pamoja na kijana mwingine, Vincenzo Viviani, alikaa na mzee huyo akiandika mawazo yake ya mwisho kwa muda wa miezi mitatu hivi, hadi Galileo alipofariki tarehe 8 Januari 1642. Mtawala Mkuu wa Toscana, Ferdinando II, akamteua Torricelli kuwa mwanahisabati wake. Hivyo yule katibu asiye na ada alikalia kiti cha Galileo.

Swali la pampu

Mafundi wa Italia walikuwa na kero ya zamani. Pampu ya kunyonya iliweza kuvuta maji kutoka kisimani hadi kimo cha mita 10 hivi, kisha maji yakagoma. Hata bomba lingekuwa zima namna gani, hata wapigaji pampu wangeongezwa, maji hayakupanda zaidi. Mwaka 1630 Giovanni Battista Baliani wa Genova alimwandikia Galileo kuhusu bomba lililotegwa kupitisha maji juu ya kilima chenye kimo cha mita 20 hivi. Lilijazwa maji vizuri, lakini midomo ilipofunguliwa maji yalishuka pande zote mbili, yakaacha nafasi juu.

Wanafunzi wa falsafa tunajua jibu lililozoeleka wakati ule. Aristotle alifundisha kwamba ombwe, yaani mahali pasipo na kitu chochote, haliwezekani. Wafuasi wake wakasema maumbile yanalichukia ombwe, ndiyo maana maji hukimbia kujaza nafasi ambayo pampu imeiacha. Lakini kama ni chuki, kwa nini iishie mita 10? Galileo mwenyewe alidhani kwamba mhimili wa maji hukatika kwa uzito wake, kama kamba ndefu inavyokatika ikining'inizwa. Huko Roma, Gasparo Berti alisimamisha bomba refu la risasi ukutani mwa nyumba yake, akalijaza maji na kulifungua chini, mbele ya wasomi wakiwamo watawa. Maji yalishuka hadi kimo kile kile yakasimama.

Torricelli aliligeuza swali. Wote walikuwa wanatazama ndani ya bomba, wakiuliza ni nini kinavuta maji. Yeye akatazama nje, akauliza ni nini kinayasukuma. Akafikiri kwamba sisi binadamu tunaishi chini kabisa ya bahari ya hewa, kama samaki walivyo chini ya bahari ya maji. Hewa hiyo ina uzito. Inaulalia uso wa maji kisimani na kuyasukuma yapande bombani, mpaka uzito wa maji yaliyopanda ulingane na uzito wa hewa iliyo nje. Hapo husimama. Pampu kwa kweli haivuti maji. Huondoa tu hewa iliyo mbele yake, na kazi ya kuyapandisha hufanywa na hewa ya nje.

Ili kulijaribu wazo hili bila kuhangaika na bomba la mita 10, alichagua zebaki, ambayo ni nzito kuliko maji karibu mara 13.6. Kama wazo ni sahihi, zebaki ingesimama kwenye kimo kidogo kwa uwiano huo huo. Viviani ndiye aliyefanya jaribio. Alijaza zebaki mrija wa kioo mrefu kupita mita moja uliozibwa upande mmoja, akaziba mdomo kwa kidole, akaupindua ndani ya bakuli la zebaki na kuondoa kidole. Zebaki ilishuka, ikasimama kwenye sentimita 76 hivi juu ya ile ya bakuli. Zidisha 76 kwa 13.6 utapata mita 10 na kidogo, kimo kile kile kilichowashinda mafundi wa pampu.

Palikuwa na pingamizi moja. Mtu angeweza kusema kwamba ile nafasi tupu iliyobaki juu ndiyo inayoivuta zebaki. Torricelli akatumia mirija miwili, mmoja wa kawaida na mwingine wenye tufe kubwa kwenye ncha iliyozibwa. Kama utupu ndio unaovuta, utupu mkubwa ungevuta zaidi. Zebaki ilisimama sawasawa katika yote miwili. Kwangu mimi hili ni somo zuri la mantiki kuliko mengi niliyowahi kuyaona ubaoni.

Tarehe 11 Juni 1644 alimweleza haya rafiki yake wa Roma, Michelangelo Ricci, aliyesoma naye kwa Castelli na ambaye mwaka 1681 alifanywa kardinali. Habari zilisambaa Ulaya. Suala la ombwe lilikuwa na moto, na kesi ya Galileo ilikuwa bado mbichi. Torricelli hakuingia kwenye mabishano wala hakutoa kitabu juu yake. Alieleza alichokiona, akarudi kwenye hisabati yake.

Tangi linapotoka maji

Mwaka huo huo wa 1644 alichapa kitabu chake kikubwa cha jiometria. Ndani yake, katika sehemu ya mwendo, kuna kanuni ambayo wahandisi wanaiita kwa jina lake hadi leo. Maji yanayotoka kwenye tundu la chini la chombo huwa na kasi sawa na ya tone lililoanguka kutoka uso wa maji hadi kwenye tundu. Tukiacha msuguano, tangi lenye kina cha mita 5 hutoa maji kwa kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde. Kina kikishuka hadi mita 1.25, yaani robo, kasi haishuki hadi robo. Hubaki nusu, karibu mita 5 kwa sekunde.

Torricelli hakuandika kitabu cha mafundi bomba, lakini hapa ndipo nilipoanza kulielewa tangi letu. Maji yanapopungua, kina hupotea upesi kuliko kasi inavyopotea. Ikiwa kuna pampu, yenyewe huendelea kudai kiasi kile kile. Inafika saa ambapo maji juu ya mdomo wa bomba ni machache, na mdomo bado unameza kwa nguvu. Maji yakiwa na mzunguko kidogo tu, mzunguko huo huongezeka kadiri yanavyokaribia mdomo, uso unabonyea, na hewa yenye uzito wake inasukumwa kupita kwenye shimo hilo. Ndiyo maana hewa huingia bombani kabla tangi halijaisha. Tangi letu lilikuwa na maji ya kufika magotini, lakini mdomo wa bomba ulikuwa umeinuliwa juu ya sakafu kuepuka tope, hivyo yaliyokuwa juu yake hayakutosha.

Dawa zake zote zinatoka kwenye mafundisho ya Castelli na Torricelli. Ya kwanza ni kuacha kina cha kutosha juu ya mdomo. Kwa kanuni ambayo wahandisi wa pampu huitumia, bomba la inchi 2 linalonyonya kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde linahitaji kama sentimita 20 za maji juu yake, na kasi ikiongezeka kina nacho kiongezeke. Ya pili ni kupunguza kasi: koki ifungwe kidogo kidogo kadiri tangi linavyokaribia kwisha, au mdomo wa bomba upanuliwe kama kengele, kwa sababu penye upana maji hutulia. Ya tatu ni kuvunja mzunguko kwa kuweka vibao viwili vilivyopishana kama msalaba juu ya mdomo. Maji hayapati nafasi ya kuzunguka na faneli haifanyiki. Ya nne ni kuchimba kishimo kwenye sakafu ya tangi na kuelekeza mdomo chini ndani yake, ili hata maji ya mwisho yawe na kina, mradi kisafishwe tope mara kwa mara. Ya tano ni kukaza kila kiungio cha upande wa kunyonya, kwa sababu humo ndani msukumo ni mdogo kuliko wa hewa ya nje, na hewa itapita hata penye ufa usioonekana.

Ya sita mara nyingi husahauliwa: tangi lenyewe liachiwe tundu la hewa juu. Ukilifunga kabisa na kufungua chini, hewa hulazimika kuingia kwa kugombana na maji kwenye mdomo huo huo, na bomba hutoa maji kwa kwikwi, kama chupa iliyopinduliwa. Tangi jembamba laweza hata kubonyea. Hewa itaingia tu. La muhimu ni kuipa mlango wake.

Mwisho wa safari

Torricelli alifanya mengine mengi kwa muda mfupi. Alitengeneza lenzi za darubini zilizosifiwa sana. Alionyesha umbo lenye urefu usio na mwisho ambalo hata hivyo ujazo wake una kikomo. Wanahisabati waliokuja baadaye waliliita tarumbeta la Malaika Gabrieli. Lakini mwalimu wake Castelli alifariki mwaka 1643, na yeye mwenyewe aliugua huko Firenze akafariki tarehe 25 Oktoba 1647, siku kumi tu baada ya kutimiza miaka 39. Alizikwa katika kanisa la San Lorenzo. Maandishi yake mengi yalibaki kwenye makasha karibu karne tatu, hadi yalipokusanywa na kuanza kuchapwa Faenza mwaka 1919.

Hakuishi kuona ushahidi wa mwisho. Mwaka 1648, kwa ombi la Blaise Pascal, shemeji yake Florin Périer alipanda mlima wa Puy de Dôme nchini Ufaransa akiwa na mrija wa zebaki, huku mrija mwingine ukiachwa chini, kwenye bustani ya watawa, ambako mtawa mmoja aliutazama siku nzima. Ule wa chini haukubadilika. Kileleni zebaki ilishuka kwa sentimita 8 hivi. Kule juu bahari ya hewa ina kina kidogo, hivyo uzito wake ni mdogo. Na wewe, mpendwa msomaji, ukipimwa presha zahanati ukaambiwa 120 kwa 80, unahesabiwa kwa milimita za zebaki, kipimo kilichozaliwa kwenye mrija ule wa Firenze.

Ninachojifunza

Likizo iliyopita nilipangiwa kusaidia mafundisho ya ukristo katika vigango vya parokia yetu. Nilikuwa na bidii. Nilifundisha asubuhi na mchana, jioni jumuiya, usiku naandaa ya kesho. Kusali nilikuwa nasali nikiwa njiani, baadaye hata njiani nikaacha. Hakuna aliyeona kasoro. Watu walinisifu, nami nikaamini sifa zao. Kisha siku moja, nikiwa mbele ya watoto wa komunio ya kwanza, nilijisikia nikisema maneno mazuri ambayo hayakuwa na kitu ndani. Ilikuwa hewa.

Nilipoliona povu la yule mzee likizama kwenye kiungio, nilijikumbuka. Mtu anayegawa kuliko anavyojazwa havuji kwa nje. Sakafu yake ni kavu, na wanaomkagua hawaoni tone. Kinachotokea ni kwamba kitu kingine kinaingia. Na kinaingia mapema, wakati bado anadhani ana maji ya kutosha, kwa sababu kasi ya kutoa haijapungua ingawa kina kimepungua.

Torricelli alikubali miaka mingi ya kujazwa kimya, kwa Wayesuiti, kwa Castelli, kwenye meza ya ukatibu. Alipoitwa kutoa alitoa miaka sita tu, na dunia bado inaitumia. Mimi nimeanza tena kuamka nusu saa kabla ya kengele na kwenda kikanisani. Tangi letu nalo tumeliwekea alama nyekundu ukutani. Maji yakifika pale, pampu inazimwa na tunasubiri mvua.